Kizuia-kurudi kwanza, gia baadaye: kufungua na kuimarisha rili kuukuu ya uvuvi ya Penn

Kusi likianza kuvuma na boti zikapandishwa juu, maswali yanayokuja ni yale yale. "Rili yangu ya Penn ya zamani, nyota ya breki nimeikaza hadi mwisho, lakini samaki akivuta, mkono wa rili unazunguka nyuma." "Nimepata gia za kasi, nimezifunga, mbona zinasaga?" "Nikiweka washa za breki za kaboni peke yake si inatosha?"

Nianze na hili la mwisho. Haitoshi, na mara nyingi ndiyo inayoimaliza rili. Ndani ya rili hizi kuna kipande kidogo cha chuma kinachozuia mkono usirudi nyuma. Nitakiita kidole. Ukifunga breki mpya kali juu ya kidole kilicholika, utavunja kidole hicho, na pengine na vya kwako. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kizuia-kurudi, halafu gia, na breki zinakuja mwisho. Wengi hufanya kinyume kwa sababu washa za breki ndizo rahisi kununua.

Ninazozungumzia ni rili za spuli ya kuzunguka (spuli ni ile sehemu inayobeba mshipi) zenye breki ya nyota, yaani unayoikaza kwa kipande chenye umbo la nyota kilicho chini ya mkono, zilizotengenezwa Philadelphia na kampuni ya Penn aliyoianzisha Otto Henze mwaka 1932. Modeli ya Senator ilitoka 1936, na Jigmaster 500 ikaja baadaye. Bado utazikuta kwenye boti za Watamu, Malindi na Shimoni, kwa sababu ni ngumu, ni rahisi kufungua na spea zake hazijakauka sokoni. Mifano yangu mingi ni ya Jigmaster, lakini ukiielewa hiyo, Senator haitakusumbua. Rili za breki ya wenzo ni habari nyingine kabisa, usizifungue kwa maelezo haya.

NGUVU INAPITA WAPI

Nadharia ni hii tu, na usiiruke. Samaki akivuta, spuli inazunguka kinyume na kuisukuma pinioni, ile gia ndogo. Pinioni inaisukuma gia kuu. Gia kuu imebanwa na washa za breki juu ya bomba la gia, na bomba hilo ndilo lililoshika mkono. Kinacholizuia bomba lisizunguke kinyume ni gurudumu la meno ya msumeno lililo chini yake, pamoja na kile kidole kinachoingia katikati ya meno hayo kwa kusukumwa na springi.

Sasa piga hesabu. Breki ikiwa kilo 5 kwenye mshipi, na spuli ikiwa na nusu kipenyo cha sm 2.5, rili ya gia 4:1 (mkono ukizunguka mara moja, spuli inazunguka mara nne) inaipeleka nguvu hiyo kwenye bomba ikiwa imezidishwa mara nne. Kama meno ya gurudumu yako sm 0.8 kutoka katikati, ncha ya kidole inabeba zaidi ya kilo 60. Ukibadilisha gia ziwe 5:1 na kuacha mshipi kwenye kilo zile zile 5, ncha inabeba karibu kilo 78. Wanaofunga gia za kasi huwa hawalijui hili: gia za kasi zinaongeza mzigo wa kizuia-kurudi hata kama breki hujaigusa.

Zamani, kabla ya breki ya nyota, mkono ulikuwa umeungana moja kwa moja na spuli, na samaki mkubwa akikimbia unakupiga vidoleni. Mwaka 1913 mvuvi William Boschen alimvua chuchumbasi huko Catalina, California, kwa rili ya breki ya nyota iliyotengenezwa na Julius vom Hofe wa Brooklyn, na tangu hapo wavuvi wakaanza kuishi kwa amani na mikono yao. Kidole cha rili yako kikikatika samaki yuko mshipini, umerudishwa kabla ya mwaka huo.

UNACHOHITAJI

Bisibisi za bapa za saizi tatu, zenye ncha zinazojaza mfereji wa skrubu. Skrubu za zamani ni laini, na bisibisi nyembamba inazila vichwa mara moja.

Spana ndogo ya nati ya mkono, au ile ya asili iliyokuja na rili kama bado ipo.

Trei yenye kingo, taulo jeupe, na mfuko mkubwa wa plastiki unaoona ndani.

Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, vitambaa visivyotoa nyuzi, na njiti za masikio.

Grisi ya baharini isiyoyeyuka kwa maji, oili nyepesi ya cherehani, na grisi maalumu ya breki kama utaweka washa za kaboni.

Kalipa ya kupimia milimita, lenzi ya kukuzia, jiwe laini la kunolea, na tupa ndogo ya sindano.

Mizani ya kuning'iniza ya angalau kilo 15, na glavu ya ngozi.

Spea: kidole kipya, springi yake, springi mbili za nira, na bomba la gia la chuma cha pua kama bajeti inaruhusu. Gia ni hiari. Ukikosa spea mpya, tafuta rili ya pili iliyokufa, ya kuchomolea vipande. Mara nyingi inakuja kwa bei ndogo kuliko gia peke yake.

Majina mengine utakayoyaona huku mbele: daraja ni kile kipande cha chuma kinachoshikilia bomba na gia ndani ya bamba la upande wa mkono. Nira ni kipande kinachoishika pinioni shingoni na kuitoa au kuirudisha kwenye spuli unapobonyeza wenzo wa kuachia. Basi.

Jambo moja kabla ya kushika bisibisi. Kama rili yako ni ya vom Hofe, au ni Senator ya miaka ya mwanzo ikiwa na boksi lake, usiifanyie chochote zaidi ya kuisafisha. Wakusanyaji wanalipia vipande vya asili. Hizi za kazi, zilizotengenezwa kwa wingi na zimeshachubuka chrome, ndizo za kufanyia ufundi. Hata hivyo weka vipande vya asili kwenye kifuko na uandike ni vya rili ipi.

HATUA

1. Osha nje kwa maji baridi, kausha, kisha legeza nyota mpaka mwisho. Rili iliyobanwa breki isifunguliwe. Washa zikiwa zimekandamizwa, daraja linakuwa na msukumo na vitu vinaruka.

2. Ondoa mkono. Kuna skrubu ndogo ya kufunga nati, ianze hiyo, halafu nati yenyewe, mkono, nyota, kisha pete ya nafasi na washa ya springi iliyo chini yake. Kama washa za springi ni mbili zenye mbinuko, tazama zilivyotazamana na upige picha. Piga picha kila baada ya kipande. Usijiambie utakumbuka.

3. Tenganisha bamba la upande wa mkono na fremu. Baadhi ya rili zina skrubu moja kubwa ya kufungulia: unailegeza, unalizungusha bamba kidogo, linatoka. Nyingine zina skrubu ndogo kuzunguka ukingo. Hizo zilegeze kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ya miaka mingi haipendi kuvutwa upande mmoja. Skrubu ikigoma, dondoshea mafuta ya taa uiache usiku kucha. Asubuhi bana bisibisi vizuri na uigonge kichwani kwa nyundo ndogo kabla ya kuizungusha.

4. Toa spuli, uiweke mbali na mafuta.

5. Sasa daraja. Weka bamba ndani ya mfuko wa plastiki, ingiza mikono, na ulegeze skrubu za daraja humo humo. Nira inasukumwa na springi mbili, na kidole kina yake. Springi ya kidole ni ndogo na nyepesi. Ikianguka kwenye mchanga au kwenye mbao za sitaha, hesabu kwamba imekwenda. Daraja likilegea, liinue taratibu ukiwa umekandamiza nira kwa kidole gumba.

6. Vua gia kuu pamoja na washa zake za breki. Zitunge kwenye waya kwa mpangilio zilivyotoka. Mpangilio wa kawaida ukianzia ndani ya gia ni huu: washa ya breki, washa ya chuma yenye tundu bapa linaloshika bomba, washa ya breki, washa ya chuma yenye masikio yanayoingia kwenye gia, washa ya breki, kisha ya juu ya chuma yenye tundu bapa. Chini ya gia kuna washa nyingine nyembamba ambayo hubaki imeganda kwenye bomba na watu huisahau.

Washa za breki za zamani za kijivu au kahawia zilizoliwa usizipige msasa. Huwezi kujua vumbi lake lina nini. Zitupe.

7. Osha vyuma vyote kwa mafuta ya taa na mswaki. Bamba la bakelaiti lifute tu kwa kitambaa chenye sabuni na maji ya uvuguvugu. Usitumie thina. Ukungu wa kijani kwenye shaba toa kwa siki kidogo, dakika chache, kisha suuza sana na ukaushe.

8. Kagua. Hapa ndipo pa kutumia muda. Chukua lenzi, kaa dirishani.

Kidole kwanza. Ncha yake iliyo nzima ina ukingo mkali na uso bapa unaokaa sawasawa dhidi ya jino. Iliyolika ina kona ya duara inayong'aa, tena inang'aa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kipande hicho. Mng'ao huo maana yake jino limekuwa likiteleza juu yake badala ya kushikwa. Kisha ingiza kidole kwenye kijiti chake na ukitikise. Kikicheza kushoto na kulia, tundu limekuwa yai na hakuna kunoa kutakakoliponya.

Pili, gurudumu la meno. Angalia jino moja moja, upande ule ulio wima. Kwa kawaida hayaliki sawa: utakuta mawili au matatu yamejikunja ncha na mengine ni mazima. Hiyo ndiyo sababu rili inashika mara nne, ya tano inaachia.

Tatu, bomba. Tazama zile pande bapa zinazoshika mkono na washa. Kama zimepinda kidogo kama parafujo, bomba limeshaanza kujikunja kwa nguvu ya breki. Hilo halifai tena. Angalia pia nyuzi ambazo nyota inapita.

Nne, gia. Jino zima la gia kuu lina kichwa bapa, la kulika limekuwa kisu. Kwenye pinioni, angalia tundu linaloshika mhimili wa spuli. Kona zake zikiwa zimelika, pinioni itaruka chini ya mzigo hata kama meno yake ni mapya.

9. Rekebisha au badilisha kidole. Kikiwa na vijichembe tu vya chuma pembeni, vitoe kwa jiwe laini, ukilaza uso bapa juu ya jiwe na kuvuta upande mmoja. Usibadilishe pembe. Ukipoteza hata nusu milimita ya urefu, kidole kinafika kwenye jino kikiwa kimelala sana, na mzigo mkubwa ukija kinasukumwa nje.

Ukiwa huna spea, fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea. Mpelekee kidole cha zamani ambacho hakijavunjika pamoja na gurudumu, si kidole peke yake. Chuma kizuri kinachopatikana pwani ni kipande cha shafti ya propela ya chuma cha pua. Kinakatika kwa tupa, hakikatiki kwa kishindo, na chumvi inakichelewa. Wanaopendekeza kipande cha msumeno wa chuma wanakosea: ni kigumu lakini kinapasuka, na baada ya wiki mbili za bahari kimeota kutu. Shaba na alumini hata usifikirie. Unene ufanane na wa asili kwa kalipa. Kikiwa kinene zaidi kitasugua gia kuu.

Springi ya kidole ibadilishe kila unapofungua, hata kama inaonekana nzima. Bei yake ni ndogo, na ni rahisi kudanganywa na springi iliyolegea: rili inalia "tik tik" vizuri mezani, ila baharini ikiwa na grisi na maji ya chumvi haisukumi tena.

10. Amua kama unataka vidole viwili. Kuna madaraja yaliyotengenezwa kwa ajili ya hili, na fundi mzuri anaweza kuongeza kijiti cha pili kwenye daraja la asili kama nafasi ipo. Lakini kuna aina mbili, na watu hununua bila kujua tofauti. Vidole vikikaa ili vyote viingie kwenye meno kwa wakati mmoja, vinagawana mzigo. Vikikaa kwa kupishana nusu jino, mkono unarudi nyuma umbali mdogo zaidi kabla ya kushikwa, lakini mzigo wote bado unabebwa na kimoja. Gurudumu la meno 6 linaruhusu mkono kurudi hadi nyuzi 60. Likiwa na vidole vya kupishana, nyuzi 30. Kwa mtu anayevua tewa miambani au jodari, mimi nachagua kugawana mzigo. Kurudi kidogo kwa mkono unazoea.

Wapo wanaouliza kuhusu kuingiza beringi ya kuzunguka upande mmoja, ile ya rili za kisasa isiyolia. Inawezekana kwa kukereza, ila beringi hiyo inashika kwa vijiti laini na grisi ikiingia inateleza. Ukiiweka, usiondoe kidole. Kibaki kama mlinzi wa pili.

11. Funga bomba jipya. La chuma cha pua ndilo ningekushauri ulinunue kabla ya kitu kingine chochote kizuri, maana linakuja na gurudumu jipya la meno. Paka grisi kwenye nguzo ya daraja, ile inayoingia ndani ya bomba, vika bomba, lizungushe kwa mkono. Lizunguke bila kukwama na bila kuyumba. Weka kidole na springi, kisha jaribu: upande wa kuvutia linazunguka na kulia, upande mwingine linagonga ukuta. Kidole kikiwa kimegeuzwa, litazunguka kinyume. Ni kosa la kila mara, ligundue sasa kabla hujafunga kila kitu.

12. Chagua gia. Jigmaster 500 ina gia za 4:1. Jigmaster 505HS ina 5:1, na seti za 5:1 za kufaa rili hizi huuzwa. Spuli iliyojaa hadi kipenyo cha sm 5 inavuta kama sm 63 za mshipi kwa mzunguko mmoja wa mkono kwa 4:1, na sm 78 kwa 5:1. Kwa nguru na kolekole wanaokimbiza chambo cha bandia kinachovutwa haraka, tofauti hiyo unaiona. Lakini unapoteza sehemu moja ya tano ya nguvu ya kuvuta, na breki yako ya juu kabisa nayo inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa kuinua tewa kutoka chini, baki na 4:1. Senator kubwa za kuvutia nyuma ya boti ziache na gia zake za polepole, ndiyo kazi yake.

Nunua gia mbili pamoja. Umbali kati ya mhimili wa spuli na nguzo ya daraja haubadiliki, kwa hiyo jumla ya meno ya gia mbili zenye saizi moja ya jino lazima ibaki ile ile. Kwa mfano 48 na 12 ni 60, na 50 na 10 ni 60. Anayekuuzia gia kuu ya 5:1 akakwambia utumie pinioni yako ya zamani, mwache. Kama meno ni ya mshazari, ya gia moja yalalie kushoto na ya nyingine kulia. Pima pia upana wa shingo ya pinioni pale nira inaposhika, na tundu la mhimili wa spuli, ulinganishe na ya zamani.

13. Funga kikavu kwanza. Bila grisi, bila breki. Weka nira na springi zake, pinioni, gia kuu, daraja na skrubu zake, halafu zungusha taratibu ukisikiliza. Wino wa kalamu ya alama ukipakwa kwenye meno machache utakuonyesha yanagusana wapi: alama ifutike katikati ya uso wa jino. Ikifutika kwenye ncha tu, pinioni haijashuka hadi mwisho au daraja halijakaa.

Usitumie dawa ya kusagia valvu kulainisha gia. Chembe zake zinajizika ndani ya shaba na zinaendelea kuila pinioni kila siku utakayovua. Gia mpya zitazoeana zenyewe kwa grisi.

14. Fungua tena, paka vilainishi. Meno ya gia yapate grisi ya baharini, ya kutosha kujaza kati ya meno. Gia za chuma cha pua zote mbili zisiachwe kavu hata siku moja, zinang'oana uso. Nguzo na ndani ya bomba, grisi nyembamba. Kidole na springi yake: oili nyepesi tu, tone moja. Narudia hili kwa sababu ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye rili "zilizofanyiwa huduma": kidole kimezikwa ndani ya grisi nzito, kinashuka polepole, na jino linakipita kabla hakijafika. Skrubu za chuma cha pua zinazoingia kwenye alumini zipake grisi kwenye nyuzi, la sivyo mwakani hazitoki.

15. Sasa washa za breki. Za kaboni, kama HT-100 za Penn zenyewe, zifutie grisi ya breki kidogo pande zote mbili kisha uipanguse, ubaki unyevu tu. Rudisha mpangilio wa hatua ya 6. Chini ya gia unaweza kubadilisha ile washa ya asili kwa ya kaboni ya unene uleule, upate uso mmoja zaidi wa breki. Washa za chuma zilaze juu ya kioo: ikiyumba, imepinda, na breki itashtua.

16. Funga bamba. Skrubu za daraja zikaze kwa kuvuka, si kwa kufuatana, na uache pale zinapogoma. Bakelaiti ikipasuka kwenye tundu la skrubu, gundi ya epoksi itakupa muda tu.

17. Jaribu kabla ya bahari. Fungia rili kwenye rodi iliyofungwa imara mezani, weka mshipi, unganisha na mizani. Vaa glavu, na usiweke mkono wala uso kwenye njia ya mkono wa rili. Kaza nyota hadi kilo 2, vuta, sikiliza. Kilo 4. Kilo 6, lakini tu kama mshipi wako unaruhusu: theluthi moja ya nguvu ya kukatika kwa mshipi ndiyo kikomo cha kawaida, yaani kama kilo 5 kwa mshipi wa kilo 15. Kwenye kila kipimo achia na uvute tena mara kadhaa ili kidole kishike kwenye kila jino. Kumbuka unapima spuli ikiwa imejaa. Samaki akikimbia mpaka kipenyo kikabaki nusu, breki ile ile inakuwa mara mbili kwenye mshipi. Usikaze nyota wakati huo.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Mkono unazunguka pande zote mbili. Kidole hakifiki kwenye meno: springi imekaa vibaya, grisi nzito, au kidole kimegeuzwa. Kama kinashika mezani na kuachia chini ya mzigo, ncha au meno yameliwa. Rudi hatua ya 8.

Mkono haugeuki kabisa. Mara nyingi washa yenye masikio haijaingia kwenye nafasi zake ndani ya gia, au kidole kimeingia chini ya gurudumu badala ya kando yake.

Gia zinaruka zikibeba mzigo, zikiwa tupu ni laini. Usilaumu gia mara moja. Springi za nira zimechoka na pinioni inajitoa kwenye spuli. Ukibadilisha springi na bado inaruka, angalia kona za tundu la pinioni, kisha skrubu za daraja.

Spuli haiachii ukibonyeza wenzo. Springi ya nira moja imelala, au pinioni mpya ina shingo nyembamba kuliko nira.

Breki inashika na kuachia kwa kushtuka. Oili imeingia kwenye washa za zamani, mpangilio umekosewa, au washa ya chuma imepinda. Kama breki ilikuwa laini kilo 2 na ikaanza kushtua kilo 5, kagua bomba. Linapojikunja, washa zinapanda kwenye pande bapa na kukwama.

Nyota inakazwa mpaka mwisho na breki bado nyepesi. Pete ya nafasi ni fupi kwa washa ulizoweka, au washa ya springi imegeuzwa. Washa nyembamba ya ziada chini ya pete inatosha.

Kila kitu kiko sawa, kidole kipya, meno mapya, na bado inaachia mara moja moja. Toa daraja, bonyeza bamba kwa vidole gumba karibu na matundu ya skrubu, chini ya mwanga. Ufa mwembamba kama unywele unafunguka ukibonyeza na kufunga ukiachia. Bamba likiwa na ufa huo daraja linanyanyuka chini ya mzigo, na kidole kinanyanyuka nalo. Hapo tafuta bamba jingine, au lile la alumini linalotengenezwa kwa ajili ya rili hizi, na vipande vyote ulivyofunga vitahamia humo.